Bakapu za folda za pamoja mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara zinapogoma

Ukurasa huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa mafaili ya watu wengine ayalinde: folda ya pamoja iliyo kwenye seva, inayofikiwa kwa NFS au SMB (njia mbili za kufungua mafaili ya seva kupitia mtandao; ya kwanza ni ya Linux zaidi, ya pili ya Windows), na ambayo lazima inakiliwe kila usiku. Majibu mengi yatakurudisha kwenye jambo moja. Mbele ya seva, mashine ya bakapu ni mteja tu, kama ilivyo kompyuta ya mhasibu. Ina jina lake la kuingilia, ruhusa zake, saa yake na njia yake ya mtandao. Hunakili kile inachokiona yenyewe, na kile inachokiona si lazima kiwe kile unachokiona wewe ukifungua folda mezani kwako. Kwa hiyo bakapu ikigoma, anza kwa kujiuliza: mashine hii, saa ile, ilikuwa inaona nini?

Ripoti inasema bakapu imefanikiwa, lakini nikifungua nakala nakuta folda tupu. Imekuwaje?

Hili ndilo tatizo baya kuliko yote kwa sababu halipigi kelele. Mara nyingi folda ya mtandao haikuwa imepachikwa (mount), yaani kuunganishwa na folda ya mashine hii, wakati kazi inaanza. Kwenye Linux, mahali pa kupachika, tuseme `/mnt/pamoja`, ni folda ya kawaida kwenye diski ya ndani. Seva ikipachikwa hapo, unaona mafaili ya seva. Isipopachikwa, unaona folda tupu, na programu ya bakapu haina sababu ya kulalamika: imeambiwa inakili folda, imenakili, hamna kitu.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja iliyopoteza folda ya mikataba. Ripoti za wiki mbili zilikuwa za kijani zote. Nikaandika `du -sh`, amri ya kupima ukubwa wa folda, kwenye nakala ya karibuni, ikajibu `4.0K`. Hiyo ni nafasi ya folda yenyewe tu kwenye diski, bila faili hata moja ndani. Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya bakapu ikawaka kabla ya seva, ikajaribu kupachika, ikashindwa, ikaendelea na maisha. Tangu siku hiyo ilinakili utupu kila usiku, na kwa kuwa nakala zilikuwa zinawekwa siku 14 tu, nakala nzuri ya mwisho ilikuwa imefutwa asubuhi ile ile. Ilikuwa asubuhi nzito kwa kila aliyekuwa chumbani. Sijaandika skripti ya bakapu (faili la amri zinazojiendesha) tangu hapo bila mstari huu juu kabisa, unaoisimamisha kazi folda isipokuwa imepachikwa:

`mountpoint -q /mnt/pamoja || exit 1`

Ongeza na alama. Weka faili dogo ndani ya folda ya pamoja yenyewe, mathalani `.niko_kwenye_seva`, na skripti ikatae kuendelea isipoliona. Alama hii hukamata hata pale ulipopachika folda isiyo yake, jambo ambalo `mountpoint` haiwezi kulijua.

Ikiwa unatumia `rsync`, programu ya kunakili mafaili, na chaguo la `--delete`, linalofuta kwenye nakala kile kisichokuwepo tena kwenye chanzo, hatari ni kubwa zaidi. Chanzo kikiwa kitupu, `rsync` itaelewa kwamba watu wamefuta kila kitu, nayo itafuta nakala yako ili ilingane. Weka `--max-delete` na idadi unayoweza kuivumilia. Na usitumie `--ignore-errors`: kwa kawaida `rsync` ikikutana na hitilafu ya kusoma chanzo huacha kufuta, na chaguo hilo huondoa kinga hiyo.

Yangu ni kinyume: diski ya ndani ya mashine ya bakapu imejaa ghafla, na sioni kilichoijaza.

Kisa ni kile kile, safari hii upande wa mahali pa kuwekea nakala. Hifadhi ya nakala haikupachikwa, kazi ikaandika kwenye folda ya ndani hadi diski ikajaa. Baadaye hifadhi ikapachikwa juu yake, na yale mafaili yamefunikwa chini, hayaonekani. Yafunue kwa `mount --bind / /mnt/chini`, kisha angalia ndani ya `/mnt/chini` kwenye njia ile ile. Ukishasafisha, ondoa upachikaji na uifunge folda tupu kwa `chattr +i`. Hifadhi bado itapachikika juu yake bila shida, lakini isipopachikwa hakuna kitakachoweza kuandikwa hapo, na kazi itashindwa kwa sauti, kama inavyotakiwa.

Nikiiendesha kwa mkono inafanya kazi vizuri. Usiku ikijiendesha yenyewe inashindwa.

Kwa sababu usiku siyo wewe unayeiendesha. Kwenye Windows, herufi ya diski kama `Z:` ni ya kikao cha mtu aliyeingia. Kazi inayoendeshwa na huduma, au na akaunti nyingine, haiijui hiyo `Z:`. Tumia njia kamili ya mtandao, `\\seva\pamoja`, na uipe kazi akaunti yenye ruhusa kwenye seva. Akaunti ya ndani ya SYSTEM ina nguvu zote kwenye mashine yake, lakini huko kwenye seva huenda haina lolote.

Ukikutana na kosa namba 53, seva haikupatikana: angalia jina, DNS na mlango wa 445 kwenye ukuta wa moto. Namba 1219 ina maana mashine tayari imeunganishwa na seva hiyo hiyo kwa jina jingine la mtumiaji, na Windows haikubali majina mawili kwa seva moja ndani ya kikao kimoja. Namba 5 ni ruhusa.

Kwenye Linux, `cron`, inayoendesha kazi kwa ratiba, huanza na mazingira finyu, hivyo andika njia kamili za amri. Na kama mnatumia Kerberos, mfumo unaomtambulisha mtumiaji kwa tiketi, tiketi hiyo huisha muda; kwenye Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti, muda wa kawaida ni saa 10. Ukiingia saa 2 asubuhi, tiketi yako imekufa saa 12 jioni, na bakapu ya saa 7 usiku inabisha hodi bila kitambulisho. Ipe kazi faili lake la `keytab`, lenye ufunguo wa akaunti yake, badala ya kutegemea tiketi ya mtu.

Naendesha kama root (msimamizi mkuu wa Linux), bado naambiwa `Permission denied`. Root si anaruhusiwa kila kitu?

Kwenye mashine yake, ndiyo. Kwenye NFS, seva kwa kawaida hutumia `root_squash`: ombi lolote linalokuja kwa jina la root hugeuzwa kuwa la mtumiaji asiye na haki, ambaye mara nyingi ni `nobody`, namba 65534. Ni kinga nzuri, kwa kuwa bila hiyo yeyote mwenye root kwenye kompyuta yake angekuwa bwana wa seva nzima. Ila bakapu inaumia: folda yenye ruhusa 700, yaani ya mwenyewe tu, haiingiliki.

Suluhisho ninalolipenda ni kuondoa NFS kwenye safari kabisa: endesha `rsync` au wakala wa bakapu kwenye seva yenyewe, data isafiri kwa SSH, muunganisho uliofichwa kwa siri. Kama haiwezekani, basi kwenye `/etc/exports`, faili la seva linaloorodhesha folda za NFS na wanaoruhusiwa, ruhusu `no_root_squash` kwa anwani moja tu, ya mashine ya bakapu, pamoja na `ro` ili isome bila kuandika. Usiiweke kwa mtandao mzima eti kwa muda. Ruhusa za muda huwa haziondolewi.

Kwenye Windows, kundi la Backup Operators lipo kwa kazi hii. Linampa mtumiaji haki ya kusoma faili kwa ajili ya bakapu hata pale ruhusa za faili zinapomkataa, mradi programu iombe kwa njia hiyo. Kwa `robocopy`, amri ya Windows ya kunakili, ni chaguo la `/B`.

`Stale file handle` maana yake nini?

Mteja wa NFS hutambua faili kwa kitambulisho alichopewa na seva, wala si kwa jina. Faili au folda ikifutwa upande wa seva, au mfumo mzima wa mafaili ukiundwa upya au ukihamishiwa diski nyingine, mteja hubaki ameshika kitambulisho kisicho na mwenyewe. Likitokea kwa faili moja moja, mtu kafuta faili wakati bakapu inapita. Si jambo la kutia hofu. Likitokea kwenye mzizi wa folda, ondoa upachikaji na upachike upya. Likijirudia kila mara seva inapowashwa, muulize msimamizi wa seva kama `fsid`, namba inayoutambulisha mfumo wa mafaili, imewekwa thabiti kwenye `exports`.

Kazi imeganda tangu jana usiku. Nikiiamuru ife, haifi.

Angalia kwa `ps` kama hali yake ni `D`. Hiyo ni programu inayosubiri jibu kutoka kwenye hifadhi. NFS ikipachikwa kwa `hard`, ambayo ndiyo kawaida, mteja husubiri seva bila kikomo. Kwa kerneli za Linux tangu 2.6.25, ni `kill -9` pekee inayoweza kukatiza subira hiyo; amri za upole hazifui dafu. Ikibidi, fuatisha na `umount -f`, au `umount -l` kama ya kwanza imekataa.

Wengi hukimbilia `soft`, ambayo humrudishia mteja kosa baada ya kujaribu mara kadhaa. Mimi siiweki kamwe mahali nakala zinapoandikwa, maana maandishi yanaweza kukatikia njiani na programu isiyokagua makosa ikadhani yamefika. Bora nakala ichelewe kuliko iwe na tundu katikati. Bakiza `hard`, kisha izungushie kazi nzima kikomo cha muda: `timeout -s KILL 6h` mbele ya amri. Ikizidi saa 6, inauawa, na wewe unapata taarifa.

Logi imejaa `file changed as we read it`. Nipuuze?

Inategemea faili lipi. `tar`, programu ya kufunga mafaili pamoja, hutoa onyo hilo faili likibadilika wakati linasomwa, na `rsync` hutoka na namba 24 mafaili yakitoweka katikati ya kazi. Kwa barua ambayo mtu anaiandika usiku ule, kesho itanakiliwa tena. Namba 23 ni nzito zaidi: kuna vitu havikunakiliwa kwa sababu ya hitilafu, na lazima usome logi ujue ni vipi.

Lakini kama faili hilo ni la hifadhidata, sanduku la barua pepe au diski ya mashine pepe, usipuuze hata kidogo. Kunakili faili la GB 40 kupitia mtandao kunaweza kuchukua dakika nyingi. Mwanzo wa nakala utakuwa wa saa 7 kamili, mwisho wake wa saa 7 na robo, na faili lenye nusu mbili za nyakati tofauti huenda lisifunguke. Hifadhidata itolewe kwanza kwa chombo chake yenyewe, kama `pg_dump` au `mysqldump`, kisha hilo tokeo ndilo linakiliwe.

Kwa mengine, piga snapshoti kwenye seva, yaani picha ya hifadhi nzima ilivyokuwa kwa nukta moja, na ufanye bakapu ya picha hiyo. ZFS, mfumo wa mafaili wenye snapshoti zake, huziweka chini ya `.zfs/snapshot`, vifaa vingine hutumia `.snapshot`. Upande wa Windows ni VSS, huduma yake ya snapshoti, nayo husaidia pia kwa mafaili yaliyofungwa na mtumiaji, yale yanayotoa kosa namba 32. Kumbuka tu kwamba VSS ya mashine yako hupiga picha ya diski za mashine yako. Folda iliyo kwenye seva nyingine hupigwa picha hukohuko kwenye seva.

Data ni kidogo, GB 300 tu, lakini bakapu inachukua usiku kucha.

Hesabu mafaili, usihesabu GB. Tuseme una mafaili milioni 5, na kila moja linahitaji safari 3 za kwenda seva na kurudi: kulitafuta, kusoma taarifa zake, kulifungua. Safari ikichukua milisekunde 1, hiyo ni sekunde 15,000, zaidi ya saa 4, kabla hujasoma baiti hata moja ya maana. Mtandao wenye kasi zaidi hautakusaidia, kwa sababu kinachokula muda ni kusubiri jibu. Seva ikiwa mbali na safari moja ikawa milisekunde 10, zidisha kwa 10.

Dawa ni kuisogeza kazi ya kutafuta mabadiliko karibu na diski. Endesha programu kwenye seva yenyewe. Au tumia `zfs send`, ambayo hutuma tofauti kati ya snapshoti mbili bila kupita faili moja moja. Kama huna budi kupitia NFS, gawa folda za juu ziende kazi nne au nane kwa pamoja, maana kusubiri kwa pamoja ni nafuu kuliko kusubiri kwa foleni.

Jihadhari na `--checksum` ya `rsync` juu ya folda iliyopachikwa: inalazimika kuvuta kila faili zima mtandaoni ili tu ijue halijabadilika. Na `rsync` ikiona chanzo na mahali pa nakala vyote ni njia za ndani, hata kama ni NFS, hunakili faili zima badala ya vipande vilivyobadilika. Huo ni uamuzi sahihi, ila watu hushangaa.

Kila usiku inanakili kila kitu upya.

Ulinganishaji umevurugika. Chunguza saa kwanza: FAT, mfumo wa mafaili wa zamani ulio kwenye flashi nyingi, huhifadhi muda kwa hatua za sekunde 2, hivyo karibu nusu ya mafaili huonekana yamebadilika; `--modify-window=1` humaliza hilo. Kama wamiliki hawawezi kuandikwa upande wa nakala, kila usiku kutakuwa na tofauti ya kusahihisha. Na majina yenye herufi za alama, kama é, yanaweza kuandikwa kwa namna mbili katika Unicode. Mafaili yaliyotoka kwenye Mac yakipita Linux huonekana kama majina mawili yanayofanana machoni lakini si kwa mashine.

Baada ya kurejesha, mafaili yote ni ya `nobody`, au kila mtu anaweza kufungua kila kitu.

Ya kwanza kwa kawaida ni NFS toleo la 4: mteja na seva hawakubaliani jina la domeni kwenye `/etc/idmapd.conf`. Linganisha, kisha safisha kumbukumbu kwa `nfsidmap -c`. Kwenye `rsync` ongeza `--numeric-ids` ili namba za wamiliki zibaki kama zilivyo.

Ya pili ni hatari ya faragha, na watu huigundua wakiwa wamechelewa. Ukipachika folda ya Windows kwenye Linux, mara nyingi mafaili yote huonekana ni ya mtumiaji mmoja, yule uliyemtaja kwenye chaguo la `uid`. Orodha halisi ya ruhusa, nani asome na nani asisome, hainakiliwi. Siku ya kurejesha, faili la mishahara linarudi likiwa wazi kwa jengo zima. Folda yenye ruhusa za NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, inakiliwe na chombo kinachozielewa, mathalani `robocopy` na `/COPYALL`, na iwekwe kwenye hifadhi inayoweza kuzishika.

Seva yetu ina RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) na snapshoti. Bado tunahitaji bakapu?

Ndiyo. Zote mbili zimo ndani ya kisanduku kile kile. Fuata kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, 1 ikiwa mahali pengine.

Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vinaweza kufikia nakala zetu?

Vikiweza kuandika humo, ndiyo. Nakala zilizopachikwa muda wote kwa ruhusa ya kuandika ni folda nyingine tu machoni pa virusi. Pindua mwelekeo: mashine ya bakapu iende kwa seva kuchukua, na seva wala watumiaji wasiwe na njia ya kuifikia hifadhi ya nakala. Na kifaa cha zamani kikikulazimu kuwasha SMB toleo la 1, kisasishe au kiondoe. WannaCry, virusi vya aina hiyo vya Mei 2017, ilisambaa kupitia udhaifu wa toleo hilo, ingawa kiraka kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo.

Je, bakapu yenyewe inaweza kufuta data?

Ilishatokea kwa kiwango kikubwa. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takribani terabaiti 77 kutoka kwenye mfumo wa mafaili wa pamoja wa kompyuta yake kuu: mafaili yapatayo milioni 34, ya makundi 14 ya watafiti. Skripti ya bakapu ilikuwa na amri ya `find` ya kufuta logi za zamani. Ilibadilishwa na toleo jipya wakati ile ya zamani bado inakimbia. Bash husoma skripti kidogo kidogo kadiri inavyoendelea, kwa hiyo ikajikuta katikati ya maandishi mapya, jina la folda likiwa halina thamani, na ufutaji ukaangukia data badala ya logi.

Kuna mambo mawili ya kufanya leo. Weka `set -u` mwanzoni mwa kila skripti, ili jina lisilo na thamani liisimamishe. Na ukitaka kubadilisha skripti, andika faili jipya kisha ulihamishe kwa `mv`. Kazi inayokimbia itaendelea kusoma lile la zamani hadi imalize.

Nitajuaje kwamba nakala inarejesheka?

Kwa kuirejesha tu. Mwishoni mwa Januari 2017, GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, walipofuta kwa bahati mbaya hifadhidata yao ya kazi, waligundua kwamba `pg_dump` yao ilikuwa inashindwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa kabla ya kumfikia mtu. Ukimya ukaonekana kama usalama. Kwa hiyo panga taarifa zako kinyume: barua ije bakapu ikifanikiwa, na mtu ashtuke isipokuja. Barua hiyo iwe na idadi ya mafaili na ukubwa wa nakala, ikilinganishwa na jana. Milioni 5 zikiwa 12, hata asiye fundi ataona.

Kisha kila mwezi chagua mafaili kumi bila kupanga: moja lenye jina refu, moja la mtu aliyeondoka, moja lenye ruhusa kali. Yarejeshe kwenye mashine ambayo haijawahi kuona folda hiyo, na umwite mwenye faili alifungue mwenyewe. Andika ilichukua dakika ngapi. Namba hiyo ndiyo utakayoulizwa kwanza siku seva itakapozima.